Jinsi ya kuandika "looking forward to" kwenye imeili bila kujiaibisha

Mi nimekaa kwenye meza ya bukingi miaka kumi na kitu. Nilianzia Moshi kwenye kampuni moja ndogo ya kupandisha wageni mlima, sasa hivi niko Arusha upande wa safari za mbugani, na kama kuna sentensi ya Kiingereza nimeiandika mara nyingi kuliko hata jina langu ni ile ya kumalizia imeili, "I look forward to hearing from you". Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa naikosea. Na siyo ile ya kukosea leo kesho unapatia, hapana, niliiweka kabisa kule chini pamoja na jina na namba ya simu iwe inajitokeza yenyewe, kwahiyo kila mgeni aliyeulizia bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame siku saba alipata bei, akapata ratiba, na kosa langu akaongezewa bure: "I look forward to hear from you."

Aliyeniamsha ni mgeni, mama mtu mzima wa Kimarekani. Alijibu vizuri tu, akasema dipoziti anatuma wiki hiyo hiyo, alafu chini kabisa akaandika "P.S. It's 'hearing', dear." Nikafungua folda ya zilizotumwa nikaanza kuhesabu, nilipofika mia mbili nikaona bado niko mwezi wa tisa, nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Kwahiyo haya maelezo si ya mwalimu wa Kiingereza, ni ya mtu aliyeumbuka. Kama unaomba kazi kwenye lodji, kama ni dereva unaandikiana na wageni WhatsApp, kama unatafuta ufadhili wa masomo, au ndo umekabidhiwa imeili ya ofisi jana na hujui pa kuanzia, yafuate kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: jua hiyo sentensi imebeba nini

Wengi tunaitafsiri "nasubiri" tukaishia hapo, na ndo shida inapoanzia. "Look forward to" ni kusubiri kitu huku unakifurahia kabla hakijafika. Mtoto anasubiri Krismasi akanunuliwe viatu, mama anamsubiri binti yake anayerudi kutoka chuo, hivyo. Furaha iko ndani ya sentensi tayari, huna haja ya kuiongeza, na ukitaka kuitoa haitoki.

Nilijifunza hili vibaya. Kuna mgeni alishalipia nusu ya safari, akaandika kwamba baba yake amefariki na anaomba kuahirisha. Nikampa pole mistari miwili mizuri kabisa, alafu kwa sababu nilihitaji kujua abadilishiwe tarehe zipi nikamalizia na "We look forward to hearing about the funeral arrangements". Kichwani kwangu nilikuwa nasema mtujulishe msiba unaisha lini. Alichosoma yeye ni kwamba tunasubiri kwa hamu kubwa habari za mazishi ya baba yake. Akakaa kimya wiki tatu, alipokuja kuandika tena alimwandikia bosi moja kwa moja, na bosi akaniita ofisini akaniwekea ile imeili mezani akasema tu, "Isome kwa sauti." Niliisoma nikaishia katikati.

Kwahiyo kwenye msiba, ugonjwa, malalamiko, mizigo iliyopotea, deni, hii sentensi iache. Andika kitu cha kawaida: "Please send us the new dates whenever you are ready." Imetosha.

Upande wa pili kuna wanaoikwepa wakaandika "We are waiting for you". Hiyo nayo ina mahali pake. Kama dereva amesimama pale uwanja wa ndege wa KIA ameshika kibao chenye jina, ndege imetua lisaa limepita na mgeni haonekani, hapo mwandikie "We are waiting for you outside", ni sahihi kabisa. Lakini mgeni anayekuja mwezi wa nane ukimwandikia hivyo mwezi wa tano anajisikia amechelewa mahali. "We expect you on 14 August" nayo haina kosa ila imekaa kiratiba, kama hospitali. Unapotaka kusema karibu sana, tumefurahi unakuja, ndo unaleta "We look forward to welcoming you".

Na ukiikanusha, ujue unakanusha furaha, siyo kusubiri. Mwenzangu mmoja alitaka kumwambia mgeni kwamba hategemei kuonana naye kwa sababu siku hiyo atakuwa Serengeti na wageni wengine, akaandika "I am not looking forward to seeing you". Yaani sina hamu kabisa ya kukuona. Kingereza hicho hakina kosa hata moja la grama, na bora kingekuwa nalo.

Hatua ya 2: elewa kwamba hiyo "to" siyo "ku" ya kitenzi

Hapa ndo penyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ukipaelewa mengine yote yanajinyoosha.

Shuleni tulikaririshwa kwamba "to go" ni kwenda, "to eat" ni kula, "to hear" ni kusikia. Kwahiyo ukiona "to" mkono wenyewe unaandika kitenzi kikavu mbele yake. "I want to hear", sawa. "I hope to hear", sawa. Ukifika "I look forward to" mkono unaendelea na mazoea yake, "hear", na hapo umeshaanguka.

Aliyenifungua macho siyo kitabu, ni mamdogo wangu wa Machame, mwalimu mstaafu wa Kiswahili shule ya msingi, Kiingereza chake cha kuombea maji tu. Nilipanda Jumamosi kumsalimia nikamkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, nikamsimulia ile aibu ya P.S. huku nacheka ili asinione nimeumia. Akaniuliza, "Hiyo sentensi kwa Kiswahili inasemaje?"

Nikamwambia, "Natazamia kusikia kutoka kwako, mamdogo."

"Hiyo 'kusikia' hapo ni nini?"

"Si kitenzi."

Akaacha kumenya. "Haya. 'Kuja kwenu kumetufurahisha.' Hiyo 'kuja' ni nini?"

"Kitenzi."

"Mwanangu, kitenzi gani kina mwenyewe? Kiti chenu, chakula chenu, kuja kwenu. Kitu kikishakuwa cha mtu hicho ni jina. Tena angalia, 'kumetufurahisha', kimeleta na upatanisho wake. Na ukisema 'nataka kuja', hapo ndo kitenzi. Neno ni lile lile kazi mbili, kama shati lako la shule ulivyokuwa unaendea na kanisani."

Nikamwambia basi wazungu wao wana mashati mawili. Akasema, "Si ndo hivyo, sasa wewe umeenda kanisani na la shule", akaendelea na ndizi zake.

Na ni kweli. Kiswahili kina "kuja" moja inayofanya kazi zote mbili, ya kutenda na ya kuwa jina la tendo. Kiingereza kimezigawa: "to come" upande wa kutenda, "coming" upande wa jina. Kuja kwenu ni "your coming". Kusikia kutoka kwako, ukikichukulia kama kitu unachokisubiri, ni "hearing from you". Sisi hatukosei kwa sababu hatuna akili, tunakosea kwa sababu lugha yetu haitulazimishi kuchagua.

Sasa ile "to" ya kwenye "look forward to" inafanya nini? Ni "to" ya barabarani. "From Arusha to Moshi", kutoka Arusha kwenda Moshi. Inaonyesha uelekeo, na mbele yake panakaa kitu au mahali, jina. Sentensi yote neno kwa neno ni: natazama mbele kuelekea kitu fulani. Hicho kitu kinaweza kuwa jina la kawaida, "I look forward to your reply", "I look forward to the trip", au kinaweza kuwa tendo lililogeuzwa jina kwa kuvalishwa -ing, "I look forward to hearing from you", "to meeting you", "to working with you". Mi huwa naiita to ya Moshi, na pale ofisini mpaka vijana wa fildi wamekariri, akiandika vibaya unasikia mwenzake anamwambia "oya, hiyo to ya Moshi hiyo".

Na hii haibadiliki, uwe unamwandikia Mwingereza au Mmarekani.

Hatua ya 3: ipime kwa "it"

Ukiwa na haraka huna muda wa kukumbuka mashati, fanya hivi. Futa kila kitu baada ya "to", weka "it", alafu soma.

"I look forward to it." Inakubali. Basi hiyo ni to ya Moshi, kitenzi kikija hapo kivalishe -ing.

"I want to it." Imekataa. "I hope to it." Imekataa. Basi hizo ni to za kitenzi, andika kitenzi kikavu, "I want to hear", "I hope to hear".

Inachukua sekunde tano na inafanya kazi karibu kote. Nasema karibu kwa sababu "agree" ni msumbufu, "I agree to it" inakubali vizuri kabisa lakini ukileta kitenzi unaandika "I agree to pay", siyo "to paying". Hiyo kariri tu kama ilivyo usinibishie.

Hatua ya 4: kagua vipande kimoja kimoja

Forward ina r mbili. "Foward" naiona kila wiki, hata kwenye vichwa vya barua zenye nembo. Na "foreword" ni neno jingine kabisa, ni dibaji, ile inayokaa mwanzoni mwa kitabu, simu inaweza kukuletea hiyo ukakubali bila kuangalia.

"To" haiachwi. "I look forward your reply" imepungukiwa mguu. Na haibadilishwi kuwa "for", hii ya "looking forward for your response" nadhani inatokana na sisi kusubiri kwa ajili ya kitu, au "waiting for" inaingilia. Vyovyote vile ni "to".

Hearing ni ya kusikia, ndani yake kuna "ear", sikio. "Here" ni hapa. "I look forward to here from you" nimeipokea zaidi ya mara moja kutoka kwa watu wanaoomba kazi, na mmoja CV yake ilikuwa imesema Kiingereza anajua "fluent". Alafu kuna "healing". Mi mwenyewe simu yangu iliwahi kunibadilishia nikamtumia mgeni "looking forward to healing from you", yaani nasubiri kwa hamu kupona kutoka kwako, na mgeni mwenyewe alikuwa daktari. Akajibu kwamba kliniki inafunguliwa saa mbili.

Kwenye "from you" usiongeze mapambo. "Hearing from your side" tumeizoea sana huku, "kutoka upande wako", inaeleweka lakini ni nzito bure. "Hearing from you" basi. Na "hearing you" bila "from" ni kusikia sauti ya mtu, "hearing about you" ni kusikia habari zake kwa watu. Mteja akikuambia amesikia habari zako anaweza akawa amesikia mazuri au mabaya, hujui.

Ukitaka kuonyesha hamu zaidi weka "really" au "very much" mahali pake: "I am really looking forward to it", "We very much look forward to welcoming you". Ile ya "I look very forward" hapana.

Hatua ya 5: chagua nguo inayoendana na mtu

Kuna "I look forward to", kuna "I am looking forward to", kuna "Looking forward to" peke yake. Zote sahihi, tofauti ni ukaribu.

Ya kwanza imevaa koti. Maombi ya kazi, ubalozi, benki, mgeni ambaye ndo mara ya kwanza anaandika. Ya pili imelegeza tai, mgeni mmeshaandikiana mara nne tano, anajua jina lako, umeshamtumia orodha ya vitu vya kubeba, hapo "I am looking forward to meeting you in Arusha" inakuwa na joto zuri. Ya tatu haina hata mtendaji, ni ya meseji na imeili fupi za watu waliozoeana. Kwenye barua ya kazi usiiweke.

Na tafadhali ile tabia ya kuandika "Looking forward." alafu jina, imeisha. Kuelekea wapi? Ni kama kondakta wa kifodi, yaani daladala, apige mlango gari iondoke hajasema inaenda Sakina au Kijenge.

Kama ofisi ndo inaongea tumia "we". Nimeona imeili imeanza na "we" ikaishia na "I", mgeni anabaki anajiuliza ni watu wangapi hao. Na ukimaliza hiyo sentensi weka nukta, siyo mkato, hata kama jina lako linafuata mstari wa chini. Ni sentensi kamili, siyo salamu. Mkato unakaa kwenye "Kind regards," au kwenye zile za mtindo wa Kiingereza cha Uingereza, "Yours faithfully" kama ulianza na "Dear Sir or Madam", "Yours sincerely" kama ulimtaja jina.

Hatua ya 6: kama anayetenda ni mwingine

Hapa watu wanajitahidi mpaka wanazama. "I look forward that you will come." "I look forward you to come." Hakuna hata moja inayosimama.

Kumbuka kuja kwenu. Kisarufi unaweza kuandika "I look forward to your coming" na ni sahihi ila inanukia kanisa kidogo. "To you coming" watu wanaisema pia kwenye mazungumzo. Lakini njia rahisi ni kutafuta jina lililo tayari: "your visit", "your arrival", "your reply", "your decision". Au ujigeuze wewe ndo mtendaji: badala ya yeye kuja, wewe kumpokea, "We look forward to welcoming you". Badala ya yeye kujibu, wewe kusikia. Nadhani ndo maana hii "hearing from you" imependwa hivi, imeliondoa tatizo zima.

Ukitaja na saa, kuwa makini mara mbili. Dereva wetu mmoja mzuri sana, barabara ya Ngorongoro anaijua usiku na mchana, alimwandikia mgeni "I look forward to meeting you at 2 in the morning". Grama iko safi, -ing ipo, nilitaka kumpigia makofi. Ila alikuwa anamaanisha saa mbili asubuhi. Mgeni kaweka alamu, usiku wa manane yuko mapokezi na mabegi yake anamsumbua mlinzi. Kiingereza saa mbili asubuhi ni 8 a.m., ongeza sita au punguza sita kabla hujatuma.

Hatua ya 7: wajue ndugu zake

To ya Moshi haiko kwenye "look forward" peke yake. Iko kwenye "object to", "in addition to", "committed to", "when it comes to". "We are committed to giving our guests a safe climb", siyo "committed to give". Zipime kwa "it" utaona zinakubali.

Lakini ndugu mmoja ni wa kukaa naye vizuri, "used to", maana ana sura mbili na amewakosesha kazi vijana wa mlima nawajua.

"I am used to working at high altitude" ni nimezoea kufanya kazi kwenye mwinuko. Ina "am", to ni ya Moshi, kitenzi kimevaa -ing. "I used to work at high altitude" ni zamani nilikuwa nafanya, sasa hivi sifanyi. Haina "am", kitenzi kikavu.

Sasa chalii anayepanda mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, mara mbili kwa mwezi msimu ukiwa mzuri, anaandika kwenye barua ya maombi "I used to guide tourists on the Lemosho route". Yeye anamaanisha huwa naongoza, ndo kazi yangu. Anayesoma anaelewa aliacha. Anaanza kujiuliza aliacha kwa nini, aliumwa, alifukuzwa, aligombana na wagumu, yaani wapagazi? Barua inawekwa pembeni. Kwa "huwa" andika tu "I guide tourists on the Lemosho route", wakati uliopo wa kawaida (present simple) unabeba mazoea wenyewe, huhitaji kuuongezea kitu. Na ukitaka kusema umezoea, usisahau "am".

Hatua ya 8: amua kama unaihitaji

Siyo kila imeili lazima iishie hapo. Kama unataka jibu kwa tarehe fulani, "I look forward to hearing from you" haimwambii mtu chochote, atajibu akipata nafasi. Msimu wa kupanda, tuseme mwezi wa saba, vyumba vinaisha, mwandikie kwanza kinachotakiwa: "Please confirm by Friday so that we can hold the rooms." Alafu kama unataka ndo umalizie na hiyo yako. Na usimhesabie masaa, ukiandika saa tatu asubuhi hapa New York ni saa saba au saa nane usiku kutegemea na miezi, mtu amelala.

Kwenye maombi ya kazi kuna hii "I look forward to your positive response". Ina -ing? Haihitaji, "response" ni jina tayari, grama haina shida. Shida ni kwamba unamchagulia mtu jibu. Tulifundishwa hivyo kwenye barua rasmi na wengi tunaendelea nayo, ila mi nikiwa nasoma maombi huwa inanifanya nihisi nimeshikwa mkono. "I look forward to hearing from you" inatosha, au kama una ujasiri, "I look forward to discussing the position with you".

Na siku kichwa kimechoka hukumbuki mashati wala Moshi, tumia "I hope to hear from you soon". Hapo "hear" kavu ndo sahihi, na hakuna atakayejua ulikuwa unakimbia.

Jipime

Hizi nimezitoa kwenye imeili halisi, majina nimeondoa. Zirekebishe kwanza kabla hujashuka chini.

"We look foward to recieve your booking."
"Am looking forward for meet you at the airport."
"In addition to climb Kilimanjaro, you can visit the hot springs."
"I am used to cook for twelve people on the mountain."
"I look forward to your visit."

Ya kwanza: "We look forward to receiving your booking", na kwenye "receiving" e inatangulia i. Ya pili ina makosa matatu, anza na "I am", alafu "to", alafu "meeting". Ya tatu "climbing". Ya nne "cooking", huyu ni mpishi mzuri sana wa mlimani na kazi alipata, ila alipata kwa sababu bosi alishawahi kula chakula chake. Ya tano haina kosa. Kama uliibadilisha rudi hatua ya 3, weka "it", soma tena.

Alafu kabla hujasahau fungua ile sahihi yako ya imeili inayojitokeza yenyewe kule chini, uisome.